Mgombea wa Akiba: Fomu Iliyo Mikononi mwa Mama Mkwe

Sehemu ya Kumi na Moja

Haya, ufunguo umezungushwa kwa nje, na mimi nimeshatukanwa vya kutosha wiki nzima kwa kuwaachia pale pale. Msomaji mmoja kaniita katili. Sawa, nimesikia. Twendeni basi, maana leo ni Ijumaa, ni saa tano asubuhi, na saa tisa alasiri muda wa wagombea kujitoa unakwisha.

Sulochana Ingawale alikuwa upande wa ndani wa mlango. Kitanda cha chuma, mtungi wa maji, dirisha lenye nondo, na nje miwa, miwa mitupu mpaka macho yanachoka. Simu yake walikuwa wameichukua tangu jana, eti ikachajiwe.

Kwa yule aliyelipata gazeti hili leo likiwa limefungiwa bajia, nitasema kwa kifupi. Hanmantrao, mume wa huyu mama, ndiye aliyekuwa agombee kiti cha Bunge la Jimbo. Mkewe aliandikishwa kuwa mgombea wa akiba, kama tufanyavyo wote huku Maharashtra: mume anajaza fomu yake, mke anajaza ya pembeni, ili ya mume ikikwama chama kisikose mtu. Gurudumu la akiba, kwa maneno mengine. Nani hulifikiria gurudumu la akiba?

Siku ya uhakiki, fomu ya Hanmantrao ikatupwa nje. Si kwa wizi wala kwa kesi. Ni kwa mstari mmoja aliouacha mtupu kwenye hati ya kiapo. Gurudumu la akiba likafungwa garini, safari ikaanza.

Kwa siku mbili Sulochana alizunguka vijijini. Pale Borvadi wanawake walimletea chupa ya maji ya kijito chao, meusi kama chai iliyochacha, yananuka masalia ya kiwanda cha sukari cha Bapusaheb Kharade. Huyo Kharade ndiye mpinzani wake. Sulochana akaishika ile chupa, akaongea dakika kumi na moja bila karatasi, akaahidi kwamba akipata kiti maji machafu hayatamwagwa tena kijitoni. Katika miaka ishirini na mitatu ya ndoa, hakuna mtu aliyewahi kumnyamazia dakika kumi na moja. Usiku ule furaha ilimkosesha usingizi.

Kisha mumewe akamleta hapa shambani. "Upumzike," alisema.

Mlango ukafunguliwa. Hanmantrao akaingia na sinia la poha, ule mchele bapa wa kukaanga wa asubuhi.

"Umeamka? Nimekuletea poha. Nimewaambia waweke karanga nyingi, unavyopenda."

"Fungua mlango."

"Si nimeshafungua? Ningeingiaje?"

"Fungua nitoke."

"Kula kwanza, Sulu."

Alipomwita Sulu, mama wa watu akajua mambo yameharibika. Mara ya mwisho alimwita hivyo siku alipouza bangili zake za dhahabu.

"Jioni waandishi watakuja," Hanmantrao akasema, akiitazama poha badala ya kumtazama mkewe. "Utawaambia umejitoa kwa sababu ya afya. Shinikizo la damu, au kitu kama hicho."

"Sina shinikizo la damu."

"Utalipata sasa hivi ukiendelea kubishana."

Akatoka, akarudi na sahani ya shaba. Juu yake kulikuwa na majani matatu ya mti wa beli na konzi ya unga wa manjano. Sulochana alipoiona akarudi nyuma hatua moja. Mwanasiasa wa huku anaweza kula chakula cha vyama viwili mchana mmoja na akalala usingizi mzuri tu. Lakini akishainua majani na manjano kwa jina la mungu wetu Khandoba, amekwisha. Hageuki.

"Weka mkono," mumewe akasema. "Uape kwamba jioni hutanigeuka mbele ya waandishi."

Sulochana aliitazama sahani. Akamtazama yeye.

"Anza wewe, Baba Mrunal."

"Nianze nini?"

"Inua majani. Kisha uniambie ule mstari mtupu ulikuwa wa nini."

Hanmantrao akaurudisha mkono wake kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Acha mchezo."

"Inua."

"Nimesema acha!"

"Mtu aliyegombea mara tatu, anayejua fomu ile kuliko karani, anaachaje mstari mtupu? Ulikuwa mstari wa nini?"

Huko nje pampu ya maji ilikuwa ikikohoa.

"Wa watu wanaokutegemea, mbali na mke," akasema mwishowe, akakaa kitandani. "Niliuacha niujaze peke yangu baadaye. Nikatoka kidogo. Kurudi, Mama ameshazichukua fomu zote, kaziweka mbele ya Khandoba, kazimwagia manjano. Karatasi ya njano yote! Ningeandikaje 'hakuna' juu ya manjano ya mungu?"

"Kwa hiyo ulimwogopa Khandoba kuliko msimamizi wa uchaguzi."

"Wewe usingeogopa?"

Angeogopa. Hilo Sulochana hakuweza kulikana, na lilimkera zaidi.

"Uongo ukashindwa kuuandika," akasema polepole. "Na ukweli?"

Mumewe akajifuta jasho.

"Mtoto. Ana miaka sita. Yuko Pune na mama yake."

Iliuma. Sitawapambia wasomaji wangu maneno, iliuma vibaya. Sulochana alijishika kwenye nondo za dirisha akahesabu miaka nyuma, akakuta kwamba mwaka ule mtoto alipozaliwa, yeye alikuwa amelazwa kwa upasuaji wa tumbo na mumewe alikuwa "Pune, kwenye mikutano ya chama."

"Hanmant," akasema.

Wote wawili wakashtuka. Mke wa huku hamtaji mumewe jina. Katika ndoa nzima alikuwa hajalitamka peke yake namna ile, bila heshima mbele wala nyuma.

"Kharade anazo picha," mume akasema haraka. "Nikikutoa wewe, anapita bila kupingwa, picha zinachomwa. Usipotoka, kesho asubuhi jimbo zima linazo. Mrunal wetu yuko kwa wakwe zake. Watamtazama kwa jicho gani? Mfikirie binti yako!"

"Wewe ulimfikiria?"

"Sulu..."

"Sisaini chochote."

Hapo ndipo Hanmantrao alipotabasamu. Si tabasamu la ubaya, nataka mjue. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyechoka.

"Ulishasaini."

"Lini?"

"Siku ya kujaza fomu. Karatasi ya tatu kutoka chini. Mgombea wa akiba husaini ya kuingia na ya kutoka siku moja, ndiyo kawaida yetu. Na nyingine ukasaini ya kumruhusu mpendekezaji wako aipeleke. Wewe ulikuwa unasaini tu huku unaniuliza kama nimekula."

Sulochana alikumbuka. Ilikuwa kweli, alimuuliza kama amekula.

Na mpendekezaji wake, mtu pekee ambaye sheria inamruhusu kuipeleka fomu ile badala yake, alikuwa nani? Mama mkwe wake. Anasuya, miaka sabini na mitatu, mwenye mikono ya ndege na ulimi wa wembe.

"Ameshakwenda?"

"Yuko barazani. Anasubiri saa ya Rahu ipite." Hanmantrao akainuka, akaichukua sahani yake ya shaba. "Mimi nikionekana mjini leo vijana wa chama watanichana nguo. Mama hakuna atakayemshuku. Kula, poha inapoa."

Ufunguo ukazunguka tena.

Sasa hiyo saa ya Rahu nawajua wengine mtacheka. Chekeni. Siku ya Ijumaa saa hiyo ya mkosi huanza saa nne na nusu na kuisha saa sita kamili, na Mama Anasuya hajawahi kuanza safari ndani yake hata siku moja. Nyumba yao iliposhika moto mwaka wa mafuriko, alikaa mlangoni na mbuzi wake akingoja dakika zipite. Kwa hiyo Sulochana alikuwa na kama nusu saa.

Akasukuma kitanda dirishani, akapanda. Pembeni chini, barazani, bibi alikuwa amekunja miguu kwenye mkeka, anatafuna tambuu, macho kwenye saa ya ukutani.

"Mama!"

"Usinipigie kelele, sijafa."

"Mama, usiipeleke hiyo fomu."

"Mwanangu kaniomba niipeleke."

"Amekwambia ni kwa nini?"

"Amesema mambo ya siasa. Mimi nimeishi na baba yake, najua hayo ni maneno ya mwanamume asiyetaka kuulizwa."

"Na hukuuliza?"

"Ningeuliza angenidanganya, kisha ningelazimika kumkasirikia. Nina miaka sabini na mitatu, mkwe. Nachagua siku za kukasirika."

Sulochana alikuwa na silaha moja tu. Alijua akiitumia hairudi. Lakini alimjua bibi huyu: aliwahi kumchapa Hanmantrao kwa kiatu mbele ya wageni kwa sababu alirudi ananuka pombe, na Hanmantrao alikuwa na miaka arobaini. Akiyasikia haya atairarua fomu vipande, kisha amrarue mwanawe.

"Mama, mwanao ana mtoto nje. Huko Pune. Wa miaka sita. Ndiyo maana aliacha ule mstari. Ndiyo maana anataka nijitoe, Kharade anamtisha."

Taya la bibi likasimama. Tambuu ikatulia shavuni.

"Unasema kweli?"

"Kakiri mwenyewe sasa hivi. Alishindwa kugusa manjano."

Bibi akatema pembeni. Akajifuta midomo taratibu kwa pindo la sari. Sulochana akangoja moto.

"Wa kike?" bibi akauliza.

"Nini?"

"Huyo mtoto. Wa kike au wa kiume?"

Hapo Sulochana akajua silaha yake imemgeuka. Hanmantrao hakusema. Lakini mtu hawezi kujificha miaka sita kwa ajili ya binti, si katika ukoo huu. Na uongo haukumjia mdomoni kwa wakati.

"Sijui," akasema. "Nadhani... wa kiume."

Jamani. Uso ule uliwaka! Makunyanzi yote yalipanda juu. Sulochana alimzalia nyumba ile binti mmoja tu, na kwa miaka ishirini bibi hakuwahi kumtamkia neno baya juu ya hilo. Neno moja halikutoka. Lakini uso wake haukuwahi kuwaka hivi.

"Ana afya?" bibi akauliza, kwa sauti ya upole kama anaulizia mgonjwa.

King'ora cha kiwanda kikalia saa sita. Bibi akainuka, akajipapasa kifuani kuhakikisha karatasi ipo, akaliita gari. Hakutazama tena dirishani.

Sulochana alikaa chini sakafuni na kulia. Alilia kama dakika tano, kisha akaona upuuzi, maana kulia kulikuwa kunammalizia muda wake mwenyewe.

Akagonga mlango.

"Maruti! Upo?"

"Nipo, Vahini."

Vahini ni mke wa kaka, na Maruti alimwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mpiga mieleka wa zamani, masikio yamekunjamana kama maandazi, mikono kama magogo, na moyo wa mtoto mchanga. Hanmantrao alimwajiri alinde.

"Nifungulie, ndugu yangu."

"Siwezi."

"Kwa nini? Pesa?"

"Angenipa pesa ningefungua zamani. Kaniapisha kwa manjano, Vahini. Nimeapa mlango huu haufunguki mpaka saa tisa." Sauti yake ilikuwa ya kilio. "Mke wangu ni wa Borvadi. Alikuwepo ulipoongea. Nikirudi nyumbani leo hanipi chakula, najua."

"Umeapa mlango."

"Mlango."

Hatua nzito zikazunguka nyumba, na uso mpana ukatokea dirishani, unang'aa kwa jasho.

"Sogea nyuma, Vahini. Hizi nondo fundi alizipachika kwa simenti nyembamba."

Zilitoka kwa mvuto wa pili. Plasta ilimwagika kitandani. Maruti akamshusha kama anayeshusha mtungi, kisha akakimbia kurudi kusimama mbele ya mlango wake, kiapo chake kikiwa salama.

Sulochana akaingia kwenye miwa.

Majani ya miwa yanakata, msione yanapepea vizuri. Alipotokea upande wa mfereji, baada ya kupotea humo zaidi ya saa nzima, mikono yake ilikuwa na mistari ya damu na kiatu kimoja kimebaki matopeni. Barabarani akamkuta mchukuzi wa maziwa kwenye pikipiki, akampungia. Jamaa alipomtambua nusura aanguke.

"Mama mgombea! Wamekuibia?"

"Nipeleke mjini, nitakwambia njiani."

Alikaa kati ya madumu mawili ya maziwa. Na hapo bahati ikamwonea huruma kwa mara ya kwanza: ulikuwa msimu wa kuvuna, na barabara yote ya kwenda mjini ilikuwa imezibwa na matrekta na mikokoteni ya miwa inayosubiri kuingia kiwandani kwa Kharade. Magari yalikuwa hayasogei. Pikipiki ilipita kando kando, wakulima wakipiga kelele, maziwa yakimwagika kwenye sari yake. Akatafuta gari jeupe la nyumbani kwao kwenye foleni ile yote. Hakuliona.

Ina maana bibi alishafika.

Saa tisa kasoro dakika kumi na nne, Sulochana alipanda ngazi za ofisi ya msimamizi wa uchaguzi akiwa na kiatu kimoja. Polisi alitaka kumzuia, akamtazama vizuri, akapisha.

Mwisho wa ukumbi mrefu, nje ya mlango wa msimamizi, Mama Anasuya alikuwa ameketi kwenye benchi. Miguu yake haikufika chini. Fomu ilikuwa mapajani mwake, imekunjwa mara mbili.

"Umechelewa," bibi akasema.

"Hujaipeleka?"

"Niko hapa tangu saa nane."

"Kwa nini hujaipeleka, Mama?"

"Nikiipeleka, mwanangu anapata anachotaka. Mimi napata nini?"

Sulochana akakaa kando yake. Mbele yao ukumbi ulikuwa na wagombea wengine waliokwisha kujitoa na watu wao. Nyuma ya nguzo mtu alikuwa anasoma gazeti.

"Mtoto yule," bibi akasema, "mwanangu hawezi kumleta nyumbani. Akimleta yeye, watu watamcheka mpaka afe. Atabaki Pune kama mali ya magendo, nami nitakufa sijamwona. Lakini akiletwa na wewe, mke wa ndoa, umemshika mkono, nani atafungua mdomo? Nimekaa hapa nikaona ni wewe tu unayeweza."

"Mama, unajua unaniomba nini?"

"Najua. Ndiyo maana sikuomba nyumbani, nimeombea hapa."

Akafungua fundo la pindo lake la sari. Ndani mlikuwa na manjano na jani la beli.

"Apa utamleta, utamlea kama wako, atakaa mezani kama wa nyumba hiyo. Mimi naichana hii. Ukikataa, naingia pale ndani."

"Na mama yake?"

"Huyo simjui wala sijauliza."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika saba.

Nimemfuata huyu mama kwa majuma kumi na moja, na ninawaambia hakuna siku aliyobanwa kama siku hii. Akikataa, anarudi shambani kuwa mke wa mtu aliyemfungia, na Borvadi wanaendelea kunywa yale maji. Akikubali, kila asubuhi ya maisha yake atauona uongo wa mumewe ukila uji mezani. Na kiapo kile hakina kurudi nyuma. Alikuwa amekulia chini ya manjano yale yale, aliogopa kama mumewe alivyoogopa.

Alimchukia bibi kwa dakika mbili nzima. Halafu akawaza kwamba mtoto wa miaka sita hakujaza fomu yoyote.

Akachukua jani. Akaweka manjano kiganjani. Akaapa kwa sauti ndogo, neno kwa neno, na bibi akamsahihisha pale aliporuka "mezani".

Kisha Mama Anasuya akaichana fomu. Mara moja, mara mbili, mara tatu, akavitia vipande ndani ya mfuko wake wa tambuu.

Karani akachungulia. "Dakika moja. Kuna mwingine anayejitoa?"

Hakuna aliyejibu. Saa ikagonga. Karani akafunga daftari, na Sulochana Ingawale akawa mgombea, si wa akiba tena, na hapakuwa na mume wala chama wala karatasi duniani ya kumtoa. Alijikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Bibi akampapasa mgongo.

Hapo ndipo gazeti lile nyuma ya nguzo lilipokunjwa.

Bapusaheb Kharade alikuwa mtu mfupi, amevaa nyeupe tupu, miwani imening'inia kifuani. Alikuja mpaka kwenye benchi. Hakumtazama Sulochana. Aliunganisha viganja, akamwinamia bibi kwa heshima yote.

"Namaste, Vihinbai."

Bibi akakunja uso. Neno hilo mtu humwita mama wa mwanamume aliyemwoa binti yake, wala halisemwi kwa mzaha.

"Mimi na wewe tumeoleana lini?" bibi akauliza.

"Hatujaoleana, ndiyo fedheha yangu. Binti yangu Ketaki anaishi Pune tangu afiwe na mumewe. Mwanao alikwenda kumpa pole." Kharade akapumua. "Pole ile sasa ina miaka sita, na imeanza shule."

Sulochana alisimama. Benchi likalia.

"Picha," akasema. "Alisema una picha. Unamtisha."

"Picha?" Kharade alionekana kuumia kweli. "Nimpige picha binti yangu mwenyewe nizigawe sokoni? Mumeo kakudanganya. Tulikubaliana kama wanaume wawili: nipite bila kupingwa, na kiwanda nimwandikie huyo mjukuu wangu wa kiume. Basi. Hakuna aliyemtisha mtu."

"Basi umeshindwa. Sijajitoa."

"Hujajitoa." Akakubali kwa kichwa, kwa upole, kama mzee anayempongeza mtoto. "Nimesikia kila neno, binti yangu, nilikuwa hapo tu. Nilitaka kuja kukuzuia usiape, kisha nikakaa. Ukishinda wewe, kiti kinalala nyumba moja na mjukuu wangu. Nikishinda mimi, kipo kwa babu yake. Kiwanda nitamwandikia leo leo, jina lake, sehemu zote. Na yale maji ya Borvadi," akashusha sauti, "utamweleza yeye mwenyewe mezani kwamba unataka kumfungia kiwanda chake."

Sulochana alimgeukia mama mkwe wake. Bibi alikuwa anaukaza kamba mfuko wake wa tambuu, wenye vipande vya fomu.

"Wagombea waliobaki!" karani akaita. "Ingieni ndani, mnapewa alama zenu za uchaguzi. Kharade! Ingawale!"

Chumbani kulikuwa na meza ya msimamizi na viti viwili vya wagombea. Kharade alitangulia, akakivuta kimoja, akakipangusa vumbi kwa leso yake.

"Kaa, binti yangu. Tuna wiki mbili za kutukanana majukwaani, halafu tuna maisha yote ya kula pamoja sikukuu."

Msimamizi wa uchaguzi aliinua macho, akauona mkono wa njano, mistari ya damu, mguu usio na kiatu. Hakuuliza. Alisukuma karatasi mbele, akaonyesha mahali pa kusaini.

Sulochana akakaa, maana hapakuwa na kiti kingine.